Pima ishirini, pima kumi na tano: uchambuzi wa kisa cha mama wa mwaloni

Mama wa miaka 36, mchuuzi wa dagaa kwenye mwalo mmoja, yaani mahali mitumbwi inaposhusha samaki, upande wa Ilemela, Mwanza, Mkristo wa tangu utotoni. Ndani ya miezi mitatu mvua ilimwozeshea mzigo, mkopo wa kikoba ukamkaba, mwanawe wa miaka 7 mwenye sikoseli (selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi) akaachishwa dawa kwa jina la imani, na kanisa lake likampigia vigelegele mahali ambapo lilipaswa kukaa naye chini. Kisa ni cha mfano. Tumekiunganisha kutokana na mambo yanayofahamika kando ya Ziwa Victoria, na hakimtaji mtu wala kanisa lolote. Tunakiandika kwa ajili ya wachungaji, wazee wa kanisa, viongozi wa akina mama, na yeyote anayebisha hodi kwenye nyumba yenye shida.

Hali ilivyokuwa

Mama huyu hununua dagaa wabichi alfajiri mitumbwi ikirudi, huwaanika, kisha huwauza wakavu kwa wafanyabiashara wa Kirumba Mwaloni. Mumewe ni mvuvi visiwani Ukerewe. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, zamani karabai, siku hizi zaidi za sola. Mwezi ukikaribia kujaa, mwanga wake huzishinda taa, dagaa hawakusanyiki, na wavuvi hubaki nchi kavu wakishona nyavu. Kwa hiyo pesa ya nyumba hii haifuati tarehe za mwisho wa mwezi. Inafuata giza: giza likiisha, mgao unafanyika, baba anatuma alichopata. Giza likiwa baya hatumi kitu, na simu yake haipatikani.

Mwanzoni mwa Machi mama alikopa shilingi 800,000 kwenye kikoba kwa riba ya asilimia 10, alipe 880,000 kwa miezi minane, yaani 110,000 kila mwezi kuanzia Aprili. Mwishoni mwa Machi aliingiza 600,000 kwenye dagaa wa asubuhi tatu. Chanja zake mbili za kuanikia hazikutosha, wengine akawaanika mchangani. Juu ya chanja, jua likiwaka vizuri, dagaa hukauka kwa siku moja kwa sababu upepo unapita juu na chini. Mchangani huchelewa na hunyonya unyevu wa ardhi. Masika ikanyesha siku tatu mfululizo. Dagaa aliyelowa hubadilika rangi, tumbo hupasuka, harufu hubadilika, na mnunuzi wa chakula cha watu hamgusi. Mzigo wote ukaenda kwa watengenezaji wa chakula cha kuku kwa 180,000. Hasara ya 420,000, na marejesho ya kwanza hayajaanza.

Mtoto wake mkubwa ana selimundu. Aligundulika akiwa na miezi 10, baada ya vidole vya mikono na miguu kuvimba. Alikuwa anahudhuria kliniki katika hospitali ya Bugando, anakunywa kila siku foliki, vidonge vya kusaidia mwili kutengeneza damu, pamoja na haidroksiyurea, dawa ya kupunguza mashambulizi ya ugonjwa, na kwa zaidi ya mwaka mmoja hakuwa amelazwa.

Katikati ya Aprili mhubiri mgeni alifanya mkutano wa siku tano kwenye uwanja wa kanisa. Usiku wa nne alimwita mama mbele, akamwekea mtoto mikono, akatangaza kwamba amepona, akaongeza kuwa dawa ni ushahidi wa shaka na anayeendelea kuzitumia anamrudishia shetani ufunguo. Mama alitoa sadaka ya mbegu, ile inayotolewa kwa kutarajia baraka, ya 50,000. Pesa hiyo ilitoka kwenye rejesho la Aprili, na ili kuziba pengo akakopa 50,000 kwa wifi yake. Dawa akaziweka juu ya kabati. Jumapili ya tatu baadaye alisimama akashuhudia kwamba mtoto anacheza, anakula na hajalalamika hata mara moja. Rejesho la Mei alilipa kwa kuuza redio na chanja moja.

Wiki ya sita, saa nane usiku, mtoto aliamka analia ameshika mapaja, anasema mifupa inaungua. Macho yalikuwa ya njano, mwili wa moto. Mama alizijua dalili hizo kama anavyoujua uso wa mwanawe. Maji alimpa, kanga aliipasha moto juu ya sufuria akamfunga miguuni, lakini hakuondoka hadi saa kumi na mbili asubuhi. Bodaboda ilikuwepo. Mama mchungaji alikuwa nyumba ya tano kutoka hapo. Kilichomzuia ni kwamba kwenda hospitali kungekuwa kusema mbele ya watu wote kuwa ushuhuda wake haukuwa kweli, na kwa jinsi alivyofundishwa, kukiri hivyo ndiko kungemuua mtoto.

Muda huo wa saa nne ndio kiini cha kisa hiki. Mtoto alifikishwa akiwa na malaria, maumivu makali na damu imeshuka, akaongezewa damu, akalazwa siku tano. Aliishi. Wapo watoto ambao saa nne zinatosha kuwachukua.

Kwa nini ushuhuda ulidanganya

Mama hakusema uongo. Alichokiona kwa wiki tatu kilikuwa kweli: mtoto alicheza na kula. Kosa lilikuwa kwenye tafsiri, na tafsiri hiyo huwanasa watu wazima wenye akili timamu kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni tabia ya ugonjwa wenyewe. Sikoseli si ya kuumwa kila siku. Jina selimundu limebeba neno mundu, kwa sababu seli nyekundu za damu hujikunja zikawa na umbo hilo, zikakwama kwenye mishipa midogo. Hilo hutokea kwa mawimbi, hasa mwili ukikosa maji, ukipigwa na baridi, ukichoka sana au ukiingiwa na maambukizi. Kati ya wimbi na wimbi mtoto anaweza kuonekana kama wenzake kwa wiki, hata miezi. Ukiombea mgonjwa wa namna hii siku yoyote ile, upo uwezekano mkubwa kesho yake awe mzima wa kucheza.

Ya pili ni jinsi dawa inavyofanya kazi. Haidroksiyurea huupandishia mwili himoglobini (sehemu ya damu inayobeba hewa) ya utotoni, ile aliyozaliwa nayo kichanga, ambayo huzuia seli zisijikunje. Kiwango hicho hupanda taratibu na hushuka taratibu. Ukiacha leo, kinga haiondoki leo. Mtoto aliyeshuhudiwa Jumapili ya tatu alikuwa bado analindwa na vidonge vilivyokuwa juu ya kabati. Foliki nayo ni hivyo hivyo: seli nyekundu za kawaida huishi kama siku 120, za mgonjwa wa sikoseli huishi siku 10 hadi 20, kwa hiyo mwili unatengeneza damu mpya usiku na mchana na unamaliza akiba ya foliki upesi. Upungufu huonekana baadaye.

Mchungaji asiyejua mambo haya mawili atathibitisha miujiza ambayo haijatokea, na hatakuwa na namna ya kuitambua iliyotokea. Tunaamini Mungu anaponya. Kwa sababu hiyo hiyo tunasema mponywaji apimwe. Katika Luka 17:14 Yesu aliwaambia wakoma kumi wakajionyeshe kwa makuhani, ambao katika sheria ya Musa ndio waliokuwa wakikagua ngozi na kutamka kama mtu ni safi. Hakuona kipimo kuwa tusi kwa imani. Utaratibu tunaoupendekeza kwa kanisa lolote ni huu: anayeamini ameponywa ugonjwa wa kudumu anaendelea na dawa, anarudi kliniki tarehe yake, anaomba kipimo, na ni daktari peke yake anayepunguza au kusimamisha. Ushuhuda unasubiri karatasi. Kama Mungu ameponya, karatasi haitamwangusha.

"Ametenda dhambi nani?"

Mtoto alipolazwa, maneno mawili yalimfikia mama wodini. Mama mkwe alisema ugonjwa huu haupo upande wao, umeletwa. Mmoja wa waombaji alimuuliza kwa sauti ya chini kama kuna dhambi ya ujana ambayo hajaitubu. Wote wawili waliuliza swali la wanafunzi katika Yohana 9:2, nani alitenda dhambi hata mtu huyu azaliwe kipofu, na Yesu alishalijibu: si yeye wala wazazi wake.

Hapa elimu ya kawaida ni huduma ya kichungaji kamili, nasi tungetaka kila mzee wa kanisa aweze kuieleza bila kusoma. Mtoto hupata sikoseli akirithi kasoro kutoka kwa baba na kutoka kwa mama. Akirithi upande mmoja tu anakuwa mbebaji: haugui, wala hajui mpaka apimwe. Wazazi wawili wabebaji wana nafasi 1 kati ya 4 ya kupata mtoto mgonjwa katika kila mimba. Watu wengi huielewa vibaya hesabu hiyo, wakidhani akishazaliwa mmoja mgonjwa, watatu wanaofuata wako salama. Hapana. Kila mimba inaanza upya. Na Kanda ya Ziwa wabebaji ni wengi, kwa hiyo wapendanao wawili kukutana wote wabebaji si laana ya ukoo wala mkono wa jirani.

Mama alipoelezwa hivi na muuguzi, mbele ya mumewe, alilia kwa mara ya kwanza tangu Machi. Mume alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Kumbe na mimi nimo." Maneno hayo manne yaliondoa mzigo ambao maombi ya mkesha mzima yasingeuondoa, kwa sababu mzigo wenyewe ulikuwa uongo, na dawa ya uongo ni kuambiwa kweli.

Mistari iliyomwumiza

Watu walimjia na Biblia, na Biblia walizoleta ndizo tunazoziamini. Tatizo ni mahali walipoikatia.

"Mungu hampi mtu mzigo asioweza kuubeba." Sentensi hiyo haimo. 1 Wakorintho 10:13 inazungumza juu ya jaribu la kutenda dhambi na mlango wa kutokea. Kuhusu mizigo, Paulo mwenyewe katika 2 Wakorintho 1:8 anasema kule Asia walilemewa kuliko nguvu zao hata wakakata tamaa ya kuishi. Mama aliyelemewa akiambiwa Mungu hampi mtu asichoweza, anajibu moyoni: basi kasoro ni mimi.

Yeremia 29:11, mawazo ya amani wala si ya mabaya. Ni ahadi ya kweli, lakini mstari wa 10 unataja miaka 70, na mstari wa 5 unawaambia waliohamishwa wajenge nyumba na kupanda bustani huko huko Babeli. Hanania, nabii aliyeahidi kwamba yote yatakwisha kwa miaka miwili, ndiye aliyekuwa mwongo katika sura ya 28. Anayemsomea mama mstari wa 11 amsomee na wa 5: kuna kuishi katikati ya jambo kabla halijaisha.

Warumi 8:28, kwamba katika mambo yote Mungu huwapatia mema wampendao, ni chakula kigumu. Anapewa mtu aliyekwisha kula uji. Ukisomwa saa ya kwanza ya msiba huwa njia ya msemaji kujitoa kwenye maumivu ya mwenzake.

Na lile la "usikiri ugonjwa". Paulo alimwacha mwenzake Trofimo katika mji wa Mileto, mgonjwa, akaandika hivyo bila woga (2 Timotheo 4:20). Alimwambia Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo (1 Timotheo 5:23), na kwa watu wa wakati ule mvinyo ulikuwa pia dawa. Hakuna mahali alipowaambia wanyamaze ili wasiharibu kitu.

Kwenye mwambao huu kuna sababu nyingine ya kukataa mahubiri ya kwamba anayemwamini Mungu wimbi halimgusi. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ikapinduka karibu kabisa na gati la Ukara. Ndani ya vyombo hivyo walikuwemo waombaji, wanakwaya, watoto waliobatizwa. Injili isiyoweza kuhubiriwa mbele ya jamaa za watu hao haifai kuhubiriwa kwa mama huyu.

Merikebu ya Paulo

Andiko ambalo mzee wa kanisa, mama wa miaka 60 na zaidi, alilitumia kwa wiki kadhaa ni Matendo 27. Tunalisifu chaguo lake kwa sababu watu wa mwaloni wanalielewa kuliko wahubiri wengi.

Fuata mpangilio wake. Katika mstari wa 22 hadi 24 Paulo anatangaza ahadi aliyopewa na malaika: hakuna atakayepoteza uhai, ila merikebu. Ahadi imeshatoka kinywani mwa Mungu. Halafu usiku wa manane mabaharia wanahisi nchi iko karibu. Wanapima kina cha maji, pima ishirini (pima moja ni kama futi sita). Wanasogea kidogo, wanapima tena, pima kumi na tano. Wanaogopa miamba, wanatupa nanga nne za tezi, yaani za nyuma ya chombo, wanaomba kuche. Ahadi haikuwazuia kupima. Walipima wakiwa ndani ya ahadi. Baadaye mabaharia wanataka kutoroka na mashua, na Paulo, yule yule mwenye ahadi, anasema hawa wasipokaa chomboni ninyi hamwezi kuokoka. Wenye ujuzi walihitajika. Daktari, muuguzi, katibu wa kikoba anayejua hesabu: hao ndio mabaharia wa nyumba hii.

Na ahadi ilikuwa ya watu 276. Shehena na chombo havikuwamo. Ngano ilitupwa baharini, merikebu ikavunjika, wengine wakafika Melita juu ya vipande vya mbao. Mama alipofika hapo alisema, "Basi dagaa wangu walikuwa ngano." Mzee hakuongeza neno. Alifanya vizuri, kwa sababu mtu akijipatia mwenyewe kitu kwenye Neno, ukikifafanua unamnyang'anya.

Ziara zilivyofanywa

Ziara ya kwanza baada ya mtoto kutoka wodini ilikuwa ya watu wawili, wanawake wote, dakika 40. Tunasisitiza idadi. Kundi la watu kumi na wawili linamlazimu mwenye nyumba kutafuta chai na viti, nalo likiondoka limemchosha. Walikuja na unga wa uji kilo 2, mkaa kopo tatu na sukari robo. Walipoingia hawakufungua Biblia. Marafiki wa Ayubu walikaa siku saba usiku na mchana bila kusema, na hiyo ndiyo sehemu pekee ya huduma yao ambayo Mungu hakuikemea.

Mzee alisema, "Pole mwanangu. Leo hatujaja kukuuliza imani yako. Umelala jana?" Mama akajibu hajalala tangu Jumanne. "Mmekula nini?" Wamekula ugali wa juzi. "Unaogopa nini zaidi?" Hapo akanyamaza muda mrefu, akasema anaogopa usiku, na kwamba kuna siku anatamani asiamke.

Sentensi ya namna hiyo haipitwi. Mzee aliuliza waziwazi, "Unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo, kunampa mlango. Mama akasema hapana, amechoka tu. Hata hivyo walikubaliana dada yake alale pale kwa wiki moja, na jambo hilo alielezwe muuguzi siku ya kliniki. Jibu lingekuwa ndiyo, wangempeleka hospitali siku hiyo hiyo wakiwa naye mguu kwa mguu. Eliya alipoomba kufa katika 1 Wafalme 19, Mungu alimlaza, akamlisha, akamlaza tena, akamlisha tena. Swali la "unafanya nini hapa" lilikuja baada ya milo miwili na safari ya siku 40.

Ombi lilikuwa fupi. Wakataja siku ya kurudi, Alhamisi saa kumi, na Alhamisi saa kumi wakarudi. Kutaja siku na kuitimiza kulimfundisha mama juu ya uaminifu wa Mungu kuliko mafundisho mengi aliyokuwa ameyasikia.

Ziara ya mume ilipangwa kwa kufuata mwezi wa angani. Mzee wa kanisa mwanaume aliangalia mbalamwezi itakuwa lini, akaenda siku ya pili baada ya baba kurudi kutoka kisiwani, akamkuta anashona wavu, akakaa akashona naye. Ziara nyingi kwa waume wa visiwani hushindwa kwa sababu hupangwa kwa kalenda ya kanisa. Waliongea nyavu kwanza, mtoto baadaye. Walikubaliana mambo mawili: kila giza likiisha kiasi cha kliniki kitengwe kabla ya kitu kingine, na mtoto mdogo wa miaka 3 apelekwe kupimwa. Alikutwa mbebaji.

Maombi ya usiku

Mama hakuweza kuomba. Kila akianza alisikia sauti ya mkutano ule ikimwambia atamke ushindi, naye hakuwa nao. Mzee alimpa Zaburi 13, mistari sita tu. Mistari miwili ya kwanza inauliza mara nne: hata lini? Miwili inayofuata inaomba. Miwili ya mwisho inategemea rehema.

Aliambiwa aisome kila usiku baada ya kumpa mtoto dawa, asimame popote atakaposhindwa kuendelea. Akiishia mstari wa 2, aseme amina hapo, Daudi atammalizia kesho. Kwa wiki tatu aliishia mstari wa 2. Viongozi wengine waliona huku ni kumwacha kwenye manung'uniko. Hatukubaliani nao. Zaburi ya 88 inaishia gizani, haina mstari wa shukrani mwishoni, na bado imo ndani ya Biblia. Anayemlalamikia Mungu bado anaongea naye. Wa kuogopewa ni yule aliyenyamaza kabisa huku anaitikia "amina" kanisani kwa sauti kubwa.

Dawa, maji na dalili

Daktari alimrudishia dawa kwa kipimo cha uzito wake, na vipimo vya damu vya mara kwa mara. Mzee aliandika yafuatayo kwenye karatasi ikabandikwa ukutani, kando ya kalenda ya kanisa. Maji mara nyingi, chupa iwe karibu na kitanda na mkobani mwa shule. Sweta usiku, hasa Juni na Julai ziwa linapovuma baridi. Chandarua kila siku. Akiumwa, kitambaa cha uvuguvugu, kamwe si cha baridi, wala asikandwe kwa nguvu. Hospitali mara moja, usiku au mchana, kwa lolote kati ya haya: homa ya nyuzi 38.5 au zaidi, kifua kuuma au kupumua kwa shida, kupauka ghafla na tumbo la kushoto kuvimba, upande mmoja wa mwili kulegea au ulimi kuwa mzito, maumivu yasiyotulizwa na dawa ya nyumbani. Homa haisubiri asubuhi, kwa kuwa bandama, kiungo kinachosaidia kupambana na maambukizi, huharibika mapema kwa watoto hawa na maambukizi huwaenea upesi.

Chini ya karatasi namba mbili za simu: ya bodaboda mmoja wa mtaa, na ya mzee. Kanisa lilimlipa bodaboda nauli ya safari moja kabla, ili saa nane usiku mama asianze kutafuta pesa.

Kupitia ofisi ya ustawi wa jamii hospitalini sehemu ya gharama ilipunguzwa. Familia nyingi hazijui kwamba ofisi hiyo ipo, au huona haya kuingia. Kumsindikiza mtu mpaka kwenye mlango ule ni huduma. Vijana watatu wa kanisa walichangia damu.

Deni

Juni lilibaki 660,000 la kikoba na 50,000 za wifi. Mzee alikwenda na mama kwa katibu siku nne kabla ya tarehe ya rejesho. Ukienda kabla, unaomba. Ukienda baada, unajitetea, na faini imeshaandikwa. Walikubaliwa miezi 12 badala ya sita iliyobaki, 55,000 kwa mwezi bila riba ya nyongeza. Katika mazungumzo ikajulikana kuwa mama alikuwa na haki ya msaada wa ugonjwa kutoka mfuko wa jamii wa kikoba. Hakuwa ameomba, kwa sababu alikuwa ameshakiri kwamba hakuna ugonjwa.

Kanisa halikumlipia deni. Hatuoni kosa katika hilo. Mfuko wake usingetosha, na wadaiwa wengine walikuwa kwenye mabenchi yale yale. Badala yake vijana walimjengea chanja tatu Jumamosi moja: nguzo za miti, fito, wavu chakavu juu, kimo cha mita moja, na turubai la kufunika mvua ikitisha. Mama sasa hununua tu kiasi ambacho chanja zinaweza kubeba. Asubuhi yenye mawingu mazito upande wa ziwa hanunui, hata dagaa wawe wa bei ya kutupa.

Zile 50,000 za mbegu mchungaji alizitoa kwenye mfuko wa kanisa zikarudishwa kwa wifi, kwa hoja kwamba mkutano ulifanyika uwanjani kwao na kwa kibali chao.

Jumapili ya kurekebisha

Wazee walibishana juu ya ushuhuda. Wengine walitaka uachwe usahaulike. Mchungaji alikataa, kwa sababu kulikuwa na mama wengine wawili wenye watoto wa sikoseli waliousikia. Pendekezo la kwamba mama mwenyewe asimame kurekebisha nalo alilikataa, na hapo tunaona busara yake kubwa kuliko zote. Alisimama yeye. Alisema kanisa lilimruhusu mtu kumwambia mzazi aache dawa, kwamba huo haukuwa ujumbe wa Mungu, kwamba mama hakukosa imani wala hakudanganya, na kwamba yeye kama mchungaji anaomba msamaha. Akataja siku za kliniki. Ilichukua dakika saba. Baada ya ibada mama mmoja alimfuata mlangoni na kumwambia kwamba dawa za mwanawe ziko chini ya godoro tangu Aprili.

Hali ilivyo Desemba

Mtoto amepata maumivu mara moja tangu Juni, akapelekwa ndani ya saa moja, akarudi nyumbani siku ya pili. Kipimo hakijabadilika: bado ana selimundu. Wanaendelea kumwombea apone, kwa jina lake, kila Alhamisi, na chupa ya maji iko mezani wakati wanaomba. Baba ametuma pesa ya kliniki giza tano kati ya saba. Mbili zilikuwa mbaya. Mama mkwe bado anasema ugonjwa huu haupo upande wao. Deni la kikoba lililobaki ni 275,000.

Zaburi ya 13 mama ameifikisha mwisho mara kadhaa. Wiki iliyopita, mvua za vuli zilipolowesha chanja moja kabla hajawahi na turubai, aliishia tena mstari wa 2.